Nina sm 152, naitaka CRF300L lakini siti iko juu. Nishushe au nitafute pikipiki fupi?

Zuhura_M
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo ya wenye uzoefu. Mi ni mwanamke, urefu sm 152, uzito kilo 50, na nimepima mguu kuanzia msamba hadi kisigino bila kiatu ni sm 68. Nimejifunzia pikipiki ndogo ya cc 125 na leseni ninayo, sasa nataka ya kwangu ya kwenda nayo kazini kila siku halafu wikiendi niingie nayo barabara za vumbi na mawe, sio mashindano, kutembea tu.

Moyo uko kwa Honda CRF300L, pikipiki ndefu ya lami na vumbi, ila siti yake kwenye karatasi ni mm 880, na nilipoikalia nilifika chini kwa ncha za vidole vya mguu mmoja tena nimeegemea upande. Rafiki yangu ananisukuma nichukue Honda Rebel 500 ya barabarani kwa sababu siti yake ni mm 690 na miguu yote inatua, lakini kwenye mawe sijui itakuwaje. Fundi mmoja kasema nimletee tu atakata springi za shokapu mbele na nyuma mambo yaishe. Mwingine anasema kuna vile vyuma vya kuunganisha shokapu ya nyuma, unafunga virefu zaidi na pikipiki inashuka yenyewe.

Kwa hiyo naomba kujua, ni lazima miguu yote miwili ikanyage chini? Na kama ni kushusha, kinaanza nini? Halafu vidole vyangu vya mkono ni vifupi pia, leva ya klachi kwenye pikipiki nyingi naifikia kwa shida.

Mzee_wa_Vumbi
Dada Zuhura, kwanza kabisa springi zisikatwe. Tafadhali sana. Springi ukiikata inakuwa ngumu zaidi kuliko ilivyokuwa, sio laini, kwa sababu mizunguko ya kuminyika imepungua. Unabaki na shokapu yenye safari fupi, yaani umbali inaoweza kuminyika, na ugumu juu yake, na kwenye shimo la kwanza la maana itagonga mwisho, na wewe una kilo 50 itakurusha. Huyo fundi mshukuru, uende kwa mwingine.

La pili, miguu miwili chini sio lazima. Watu wengi sana wanaendesha pikipiki ndefu kwa mguu mmoja tu, tena kwa miaka. Kinachotakiwa ni mguu mmoja ukanyage vizuri, yaani sehemu pana ya mbele ya unyayo na sio kidole gumba peke yake, halafu mguu wa kulia uko kwenye breki ya nyuma. Hicho ndicho kipimo changu kwa mtu anayeanza. Ukiweza hivyo huku umesogea kidogo upande wa siti bado ni sawa.

Na ile namba ya kwenye karatasi isikutishe wala isikudanganye, maana mara nyingi inapimwa pikipiki ikiwa haina mtu juu. Haisemi siti ni pana kiasi gani pale mapaja yanapopita, wala haisemi shokapu itazama kiasi gani ukikaa. CRF300L ina safari ya shokapu mm 260 mbele na nyuma na inasifika kwa ulaini, kwa hiyo ukiikalia inazama vizuri tu, na siti yake mbele ni nyembamba. Unaweza ukakuta pikipiki ya barabarani yenye siti ya mm 800 lakini pana inakupanua miguu mpaka unafika chini kwa shida ileile. Ndiyo maana nasema usichague kwa namba, kaa juu yake umevaa buti utakazoendeshea, sio sandozi.

FundiSiti
Mzee kasema kweli kuhusu upana, mi ndiyo kazi yangu hiyo kwa hiyo ngoja niongeze hapohapo. Mtu akija kwangu na shida ya urefu kitu cha kwanza simwambii tupunguze kimo cha siti, namwambia akae nione paja linaguswa wapi. Mara nyingi zile kona mbili za mbele, pale siti inapokutana na tangi, ndizo zinazosukuma mapaja nje, na ukizichonga tu bila kugusa kimo mguu unashuka wima zaidi na unapata sentimita za kutosha kushangaza. Na makalio hayajui hata kama kuna kitu kimetolewa.

Baada ya kona ndiyo tunaenda kwenye kimo. Hapa watu wanaharibu sana. Wanakata sponji ya mbele peke yake, siti inakuwa mteremko, kila ukifunga breki unateleza mpaka kwenye tangi, inachosha na inaumiza. Ukikata kimo kata sehemu yote unayokalia ibaki tambarare, kilima kiwe nyuma. Kata kidogo, rudisha siti, kaa, jaribu, kata tena, maana sponji ukishaitoa huirudishi. Na usishuke mpaka karibu na plastiki ya chini, ukiminya kwa kiganja kwa nguvu ukaisikia plastiki ujue umepitiliza, hapo bora ubandue sponji ya kiwandani uweke nyingine nzito zaidi ambayo nyembamba yake inabeba sawa na nene laini. Dada ana kilo 50 kwa hiyo kwake sponji nyembamba kidogo haitaleta mateso kama kwa mtu wa kilo 90, hiyo ni faida yake.

Siti ya CRF yenyewe haina nyama nyingi sana ya kutoa, niseme ukweli. Kona zitachongwa, kimo kitashuka kidogo, usitegemee miujiza. Na kava likirudishwa livutwe vizuri na pini za stepla zisitoboe juu, maji yakiingia kwenye sponji siti haikauki leo wala kesho. Kama una hela ya ziada tafuta siti ya pili uchonge hiyo, ya kiwandani ihifadhi, siku ukiuza pikipiki unairudisha.

Kaka_Spana
Mi nitatofautiana kidogo na wanaoogopa kushusha. Kushusha sio dhambi, dhambi ni kushusha nusunusu. Vile vyuma vya kuunganisha shokapu ya nyuma vinafanya kazi, nimevifunga kwa watu wengi, lakini sikiliza vizuri vinachofanya.

Ukishusha nyuma peke yake pikipiki inakaa kama mbwa aliyechuchumaa, pembe ya shokapu za mbele inalala zaidi, usukani unakuwa mzito kuingia kona na mbele inahisi nyepesi. Taa ya mbele nayo inaangalia juu, unawapofusha wanaokuja mbele yako usiku. Kwa hiyo lazima na mbele ishuke, unalegeza bolti za ile T ya usukani inayoshika shokapu za mbele, shokapu unazipandisha zitokeze juu kidogo, halafu unakaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, sio kwa hasira. Sasa hapo kuna mpaka, shokapu ikiminywa mpaka mwisho tairi au madigadi isiguse T ya chini wala rejeta, na zile ncha zilizotokeza juu zisigombane na usukani. Nyuma vilevile, tairi ikipanda mpaka mwisho isiguse madigadi, kwa sababu vile vyuma havipunguzi safari ya tairi, vinaisogeza tu juu, nafasi iliyokuwepo imeliwa.

Halafu stendi ya pembeni, hii kila mtu anaisahau. Pikipiki ikishuka sentimita tatu au nne stendi ileile inakuwa ndefu, pikipiki inasimama wima badala ya kulala upande, upepo kidogo au mtu kupita tu inaangukia upande wa pili. Inabidi stendi ikatwe na kuchomelewa upya, pembe ya kile kisahani cha chini ibaki ileile, na kama ina swichi ya kuzima injini waya wake usiguswe na moto. Cheni pia pima upya, maana mkono wa nyuma umebadilika pembe na ulegevu wa cheni sio ule tena.

Njia bora zaidi kuliko vyuma, kama una fundi wa shokapu anayejua kazi, ni kufunguliwa shokapu zenyewe na kuwekwa pete ndani ili zisitanuke mpaka mwisho. Pikipiki inashuka mbele na nyuma kwa pamoja na tairi haliwezi kugusa madigadi kwa sababu safari yenyewe ndiyo imefupishwa. Unapoteza safari ya shokapu, ndiyo, ila kwa mtu wa kutembea tu wikiendi mm 260 ni nyingi kuliko anavyohitaji.

Rehema_Cheni
Zuhura mdogo wangu, mi nina sm 155 na naendesha pikipiki ndefu kila siku, kwa hiyo naongea kama mtu aliye ndani ya shida hiyo. Kaka Spana na FundiSiti wameongea vyuma na sponji, vyote kweli, lakini nusu ya jambo hili iko kwenye namna ya kusimama na hakuna fundi atakayekuchomelea hiyo.

Ukikaribia kusimama macho yako yatafute ardhi mapema, sio dakika ya mwisho. Barabara nyingi zina mgongo katikati na zinashuka pembeni, sasa ukisimama pale ambapo kushoto kwako kuna shimo au mtaro mguu unakosa ardhi na pikipiki inakwenda na wewe. Mita moja mbele au nyuma inabadilisha kila kitu. Ukiona upande wa kulia ndio umeinuka, tua mguu wa kulia na utumie breki ya mbele, lakini usukani uwe umenyooka kabisa, maana breki ya mbele ikiwa usukani umekatwa kwenye mwendo mdogo inakuangusha hata kama una miguu ya twiga. Ukiwa bado unatembea polepole anza kusogeza kalio moja upande wa kushoto, paja la kulia likae juu ya siti, mguu wa kushoto unashuka wenyewe. Gia ya kwanza iingize kabla hujasimama kabisa, ili usihitaji kubadilisha mguu ukiwa umesimama. Fanya hayo uwanjani, sehemu tupu, mpaka mwili ukumbuke wenyewe bila kufikiria.

Kupanda juu, usirushe mguu ukiwa chini. Hakikisha stendi imekaa ardhi ngumu, shika usukani na breki ya mbele, kanyaga futresti ya kushoto kisha upande kama unavyopanda farasi. Ila kwanza muulize fundi au soma kitabu kama stendi ya hiyo pikipiki inaruhusu, nyingine ni dhaifu. Kurudi nyuma usijaribu kusukuma kwa vidole ukiwa juu, shuka, simama upande wa kushoto, nyonga yako iguse siti, sukuma. Na ukipaki, pua ielekee upande wa mlima. Ukiegesha pua chini ya mteremko mbele ya ukuta hutoki hapo bila msaada.

Vidole vifupi: nunua leva zile zenye kirekebishi cha hatua, unazungusha inasogea karibu na mpini. Kama unabaki na za kiwandani muombe fundi ageuze leva kidogo kwenye usukani na kurekebisha waya wa klachi, lakini lazima ubaki mchezo mdogo kabla klachi haijaanza kuachia, ukikaza mno klachi itateleza na kuungua. Usukani nao unaweza kulegezwa na kugeuzwa kidogo kuja kwako, halafu uukate kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho injini ikiwa inanguruma, uone kama waya unavutwa na injini inapandisha mngurumo yenyewe. Ikipandisha, rudisha.

Buti zenye soli nene zinasaidia sana, sentimita mbili tatu za bure, ila leva ya gia itabidi ipandishwe jino moja kwenye ile shafti yake, la sivyo buti haipiti chini yake.

Na usikate tamaa, Dani Pedrosa yule mwendesha pikipiki za mbio ana kama sm 160 tu na amechukua mbio 31 za MotoGP.

Baraka250
Pedrosa sawa dada Rehema ila pikipiki ya mbio haisimami kwenye foleni kila dakika, na akisimama kuna watu wanaishika. Mi namuunga mkono rafiki yake Zuhura, Rebel 500 ichukuliwe. Mtu anayeanza akiwa na hofu ya kuanguka kila taa nyekundu hataipenda pikipiki, ataiacha nyumbani. Miguu ikiwa chini yote unajifunza haraka. Kama anataka yenye nafasi zaidi Kawasaki Vulcan S nayo siti mm 705 na wameitengeneza kwa makusudi futresti na siti na usukani vije karibu na mtu mfupi.

Mzee_wa_Vumbi
Baraka hoja ya kujiamini naikubali kabisa, lakini soma swali lake, amesema vumbi na mawe. Rebel ina uzito wa kilo 190 hivi na tumbo liko chini na shokapu fupi, kwenye mawe itapigwa chini na yeye wa kilo 50 akiidondosha nani ataiinua huko? CRF300L ni kilo 142 na mafuta ndani. Kwangu uzito una kauli kubwa kuliko kimo, ndefu nyepesi ikianza kulala unaweza kuikamata kwa nyonga, nzito ikishapita pembe fulani haikamatiki hata uwe na miguu mirefu, hapo unaiachia tu ili isikuvunje mguu.

Katikati kuna nyingi ambazo hazijatajwa. Honda wenyewe kuna masoko wanauza CRF300LS ambayo wameishusha kiwandani, siti mm 830 hivi, hapo hakuna kuchomelea stendi. Kawasaki KLX230S nayo iko karibu na hapo. Yamaha XT250 ni mm 810, na TW200 ile yenye matairi manene ni mm 790 na uzito kama kilo 126, haikimbii lakini ni ya kusamehe sana kwenye mchanga. Royal Enfield Himalayan 450 siti inaanzia mm 825, nzuri kwa safari ila kilo 196, kwa pikipiki ya kwanza ya mtu mdogo nisingeanzia hapo.

Zuhura ukipata ya kushushwa kiwandani au XT250, chonga kona za siti, vaa buti, mambo ya vyuma yasubiri.

Zuhura_M
Asanteni sana, nimesoma yote na nimeyaandika pembeni. Nimeenda kukalia XT250 na CRF300LS, kwenye XT mguu mmoja unatua na nusu ya unyayo bila kusogea, kwenye LS lazima nisogee kalio. Nimeipenda LS hata hivyo. Ila muuzaji alikaa yeye, ni mtu mkubwa, pikipiki ikazama sana, nilipokaa mimi ikazama kidogo tu. Sasa hiyo inamaanisha springi ni ngumu kwangu? Inaweza kulegezwa? Na nikimbeba mdogo wangu nyuma itakuwaje?

Kaka_Spana
Umeona kitu muhimu sana hapo. Springi za kiwandani zinapangwa kwa mtu wa wastani aliye mzito kuliko wewe, kwa hiyo wewe unakaa juu zaidi ya wengine kwenye pikipiki ileile na mguu wako mfupi ndio unalipia.

Pima hivi. Inua pikipiki tairi la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama moja kwenye bodi iliyo juu yake wima, andika. Shusha isimame yenyewe bila mtu, pima tena. Halafu vaa kila kitu, helmeti buti begi, kaa juu mtu akushikie mbele na mwingine apime. Tofauti ya kipimo cha kwanza na cha mwisho kwa pikipiki ya njia mbaya inatakiwa iwe kama theluthi moja ya safari yote ya tairi. Kama yako iko chini ya hapo legeza ile pete ya kukazia springi ya shokapu ya nyuma kidogokidogo ukipima kila mara. Utashuka na pikipiki itatulia zaidi kwenye mawe, kwa hiyo hapa hupotezi kitu unapata tu.

Sasa angalia na kipimo cha katikati, kile cha pikipiki peke yake. Kama umelegeza mpaka wewe ukikaa inazama sawasawa lakini pikipiki bila mtu nayo inazama sana, hiyo ndiyo dalili kwamba springi yenyewe ni ngumu kwa uzito wako, badilisha uweke laini zaidi, mbele na nyuma. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza ningetumia mimi kama ningekuwa na kilo 50, kabla hata ya vyuma vya kushushia.

Ukishabadilisha na ukaanza kumbeba mtu kumbuka springi laini itazama mno na tumbo litagonga, kaza pete kabla ya safari na ulegeze ukirudi peke yako. Weka alama ya rangi kwenye pete ujue nafasi zako mbili.

Rehema_Cheni
Kuhusu abiria, mdogo wako asipande mpaka umkubalie kwa mdomo. Wewe kaa kwanza, mguu wako wa kushoto chini mahali pa tambarare umeshika breki ya mbele, stendi ibaki chini mpaka akae kama pikipiki inaruhusu kuwa hivyo. Apande upande wa kushoto, akanyage futresti taratibu asikuvute bega, uzito wake ukija upande ule mguu wako upo tayari. Kushuka hivyohivyo, anashuka yeye kwanza wewe hujatoa mguu. Na ukisimama njiani yeye akae kimya katikati, asikusaidie kwa kushusha miguu yake, hilo mwambie kabla hamjaondoka.

Ila miezi ya kwanza endesha peke yako mdogo wangu. Mtu wa nyuma anaongeza uzito juu, pale hasa ambapo mtu anayetua mguu mmoja hauhitaji, na kusimama kwa kusogeza kalio ukiwa na abiria ni somo lingine kabisa.